Hukumu ya Sikio la Mara Moja

Hakimu asikiaye neno la kwanza la shahidi, kisha akafunga daftari lake na kutoa hukumu, hana mtetezi katika nchi yoyote yenye sheria. Hata yule aliyefaidiwa na hukumu hiyo huona haya kwa namna ilivyopatikana. Lakini katika mambo ya sanaa hakimu wa namna hii tunaye kila siku, tena tunamwekea kiti cha mbele. Husikia muziki mara moja, au nusu ya mara moja, akasema, "Haya ni makelele," nasi tuliomzunguka tukacheka na kumpa haki. Makala haya yameandikwa kumpinga hakimu huyo. Nampinga kwa ukali kwa sababu siku moja nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Siku hiyo walimu na wanafunzi tulikuwa tumekusanyika katika chumba cha semina. Mwanafunzi mmoja alikuwa akisoma karatasi yake juu ya umbo katika ushairi. Alileta gramafoni na sahani ya santuri, ili atupe mfano wa kazi ambayo sehemu zake za mwisho huzijibu sehemu zake za mwanzo, kama mtu ajitazamaye katika kioo. Santuri ilikuwa ya kwateti ya nne ya Béla Bartók, mtungaji wa Hungaria. Sindano haijamaliza dakika tatu, mwalimu mmoja aliyenizidi umri na elimu, ambaye namheshimu mpaka leo, aliinua mkono akasema, "Mwanangu, hebu zima. Hao ni paka wanne waliofungwa katika gunia moja." Chumba kizima kilicheka, nami nilicheka. Mwanafunzi aliinua sindano, akairudisha santuri katika jalada lake, akaendelea kusoma kwa sauti iliyopungua. Mfano wake haukusikiwa, na kwa hiyo hoja yake haikupimwa. Alishindwa bila ya kujibiwa.

Jioni nilimwendea nikaazima santuri ile. Sikuiazima kwa mapenzi; niliiazima kwa haya. Hayo yaliyonipata baada ya hapo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kwateti ya nyuzi ni muziki wa watu wanne. Wawili hupiga fidla. Mmoja hupiga viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi. Na wa nne hupiga selo, ambayo husimama sakafuni kati ya magoti ya mpigaji. Hakuna ngoma, wala hakuna kiongozi asimamaye mbele na kijiti mkononi, na mwimbaji huingia kwa nadra sana. Vyombo hivi si wageni wa masikio yetu. Mtu yeyote aliyepata kukaa katika ukumbi wa taarabu Unguja ameziona fidla zimepangwa pamoja na udi na ganuni, na selo imo pamoja nazo. Basi kinachomkera msikilizaji wetu si chombo. Kinachomkera ni kwamba chombo anachokijua kinasema maneno asiyoyatazamia.

Shtaka la kwanza juu ya muziki huu ni kwamba hauna utaratibu. Na tulipime shtaka hilo kwa kazi ile ile iliyotuchekesha. Bartók, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufa New York mwaka 1945, alitunga kwateti sita, ya kwanza katika miaka ya 1908 na 1909, na ya mwisho mwaka 1939. Ya nne aliitunga mwaka 1928. Huchukua dakika 23 hivi, na ina sehemu tano. Sehemu ya tatu, ambayo ni ya polepole, imekaa katikati kama kokwa ndani ya tunda. Sehemu ya pili na ya nne huizunguka kokwa hiyo kama nyama, na ya kwanza na ya tano ndizo ganda. Sehemu ya pili hupigwa kwa kasi kubwa, na vyombo vyote vinne vimewekwa vizuizi vidogo vinavyoifanya sauti kuwa ya kunong'ona. Sehemu ya nne hupigwa yote kwa vidole bila ya upinde, na mara nyingine uzi huvutwa kwa nguvu hata ukarudi na kuupiga ubao kwa kishindo. Kwa mtu wa mara moja, hizi ni sehemu mbili zisizojuana. Kumbe wazo lake ni moja: lile linalotambaa kwa hatua finyu katika sehemu ya pili ndilo lililonyoshwa kwa hatua pana katika sehemu ya nne. Vivyo hivyo, mapema katika sehemu ya kwanza selo hutamka noti sita, zinazopanda kidogo kidogo na kushuka kidogo kidogo. Sehemu hiyo hufungwa kwa wazo hilo, na sehemu ya tano, baada ya safari yote, hufungwa kwa hilo hilo.

Nani, basi, awezaye kusema kwamba kazi kama hii haina utaratibu? Ina utaratibu kuliko nyumba nyingi tunazokaa. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba utaratibu wake haukai mlangoni kumpokea kila apitaye. Mwanafunzi wetu alikuwa amechagua mfano ulio sawa kabisa na hoja yake, nasi tulimzuia kwa kicheko.

Sitaki msomaji anidhanie kwamba mimi nina sikio la ajabu. Jioni ya kwanza nilisikia paka wale wale wa mwenzangu. Jioni ya pili nilianza kuona kwamba paka hawa hunyamaza pamoja na kuanza pamoja, na paka hawana desturi hiyo. Jioni ya tatu niliisikia sehemu ya katikati: wapigaji watatu wameshika sauti moja ndefu, na selo inasema juu yake peke yake, polepole, kama mzee azungumzaye kizani baada ya watoto kulala. Ilikuwa baada ya siku nyingi ndipo nilipozitambua noti sita mwishoni mwa sehemu ya tano, na nilishtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika soko la ugenini. Noti zile zilikuwapo tangu jioni ya kwanza. Sikio langu ndilo lililokuwa halijafika.

Wenye kudhani kwamba kicheko chetu ni dalili ya uzima wa Mwafrika mbele ya upuuzi wa Mzungu watazame habari za Vienna. Tarehe 21 Desemba 1908, kwateti ya pili ya Arnold Schoenberg ilipigwa katika mji huo kwa mara ya kwanza. Mtungaji alikuwa mwenyeji wa mji ule, wapigaji walikuwa mabingwa wa kwateti ya Rosé, na wasikilizaji walikuwa watu waliolelewa juu ya muziki wa nyuzi tangu utoto wao. Walicheka, wakazomea, wakafanya ghasia. Basi kicheko hakina uzalendo. Kicheko ni ada ya sikio lolote lililoombwa kazi ambayo halikujiandaa kuifanya.

Schoenberg alipata dawa, na dawa yake inafaa kukumbukwa. Mwaka 1918 aliunda katika mji ule ule chama cha kusikiliza muziki faraghani. Masharti yake yalikuwa makali. Kupiga makofi kulikatazwa, na kuzomea kulikatazwa vile vile. Waandishi wa magazeti wenye kutoa hukumu hawakuruhusiwa kuingia. Wanachama hawakuambiwa mapema kitakachopigwa, ili asiwepo atakayekaa nyumbani kwa chuki wala atakayekuja kwa ushabiki. Na sharti lililo kubwa kwetu ni hili: kazi ngumu zilirudiwa. Chama kilifanya maonyesho zaidi ya 100, kikafa mwaka 1921 wakati fedha ya Austria ilipokuwa ikipoteza thamani yake. Lakini kilikuwa kimesema jambo la kweli, kwamba kazi ngumu ina haki ya kusikiwa tena kabla haijahukumiwa.

Udhaifu wa chama kile ni kwamba kilikuwa cha watu wachache wa mji mmoja. Aliyekuja kuufungua mlango wake kwa watu wote ni santuri. Mwanzo mlango wenyewe ulifunguka nusu. Santuri za zamani, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba dakika nne au tano tu kwa kila upande, hata msikilizaji wa kwateti ilimbidi ainuke mara kwa mara kugeuza sahani, na wazo la mtungaji lilikatwa vipande kama samaki wa kuuzwa. Juu ya hivyo watu walijitahidi. Mwishoni mwa 1936 na mwanzoni mwa 1937, wapigaji wa kwateti ya Kolisch walizirekodi kwateti zote nne za Schoenberg katika studio ya filamu ya Hollywood. Mwaka 1948 ilitoka santuri ndefu, iliyozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika na kubeba dakika 20 na zaidi kwa upande mmoja. Karibu na mwaka 1950 wapigaji wa kwateti ya Juilliard, ya New York, walitoa kwateti zote sita za Bartók. Tangu hapo mtu wa mji wowote, mwenye umeme na subira, aliweza kufanya nyumbani mwake kile ambacho Schoenberg alihitaji chama kukifanya: kurudisha sindano mwanzo.

Na leo, ambapo muziki wote huo umo katika simu za mifukoni mwetu, udhuru wetu ni mdogo zaidi. Lakini naona kwamba wepesi umezaa uvivu. Kidole kilichozoea kuruka hakimpi mtungaji hata dakika tatu za yule mwalimu mwenzangu. Ndiyo maana bado napendelea santuri. Sahani iliyokwisha kuwekwa humtia mtu haya ya kuikatiza.

Nasikia sasa sauti ya mpinzani wa pili, naye ana akili kuliko wa kwanza. Asema: "Santuri ni kitu kilichokufa. Muziki ni watu wanne walio hai mbele yako, wakitazamana na kupumua. Umesikiliza maiti, nawe watuletea habari za maisha." Katika maneno haya mna ukweli, nami sitauficha. Katika kwateti ya pili ya Elliott Carter wa Marekani, ya mwaka 1959, kila chombo kimepewa tabia yake kama mhusika wa mchezo, na wapigaji hutakiwa wakae mbali mbali kuliko kawaida ili tofauti hiyo ionekane. Jicho likikosekana, kitu fulani hupotea. Lakini namwuliza mpinzani wangu: ni mara ngapi katika maisha yako kwateti ya Carter imepigwa katika mji unaokaa? Na ikipigwa mara moja, si utarudi pale pale pa hukumu ya sikio la mara moja? Hatumwambii mtu asisome tamthilia kwa kuwa hajaiona jukwaani. Na sauti ya Siti binti Saad, aliyesafiri toka Unguja hadi Bombay kurekodi mwaka 1928, mwaka ule ule Bartók alipokuwa akitunga kwateti yake ya nne, sisi tuliozaliwa baada ya kufa kwake mwaka 1950 tunaijua kwa njia gani, kama si kwa santuri? Aiitaye santuri maiti na aanze kwa kuzika urithi wake mwenyewe.

Tena mpinzani huyu hajui kwamba Bartók mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa mashine. Tangu mwaka 1906 alitembea vijijini na fonografu, chombo kilichochora sauti juu ya mcheduara wa nta, akikusanya nyimbo za wakulima wa Hungaria, na baadaye za Waslovaki na Waromania. Hakuziandika nyimbo hizo kwa kuzisikia mara moja. Alizirudisha nyumbani, akazisikiliza tena na tena, akaandika kila tetemo la koo la mwimbaji. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanalijua jina la Milman Parry, aliyerekodi waimbaji wa tenzi za Waslavi wa Kusini katika miaka ya 1930. Baadhi ya nyimbo zilizokuwa katika santuri za Parry ziliandikwa kwa noti na Bartók huyu huyu, katika Chuo Kikuu cha Columbia, alipokuwa mkimbizi mwenye afya mbovu huko New York. Kazi hiyo ilitoka katika kitabu mwaka 1951, naye amekwisha kufa. Subira aliyowapa waimbaji wasiojua kusoma ndiyo subira ambayo sisi wenye shahada tulishindwa kumpa yeye kwa dakika tatu.

Kuna jambo zaidi. Mwaka 1913 Bartók alikwenda Biskra, huko Algeria, na fonografu yake, akarekodi nyimbo za Waarabu wa sehemu zile. Kwateti yake ya pili, aliyoitunga kati ya 1915 na 1917, ina sehemu ya katikati yenye pigo kali linalorudi rudi na sauti inayojizungusha mahali pamoja, na asili yake ni yale aliyoyasikia katika safari ile. Basi yeye asemaye kwamba muziki huu hauhusiani hata chembe na bara letu amesema kabla ya kuuliza.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye silaha kali. Yeye asema: "Mtu akirudia kitu chochote mara 20 atakizoea, hata mlio wa kinu cha kukoboa. Hukuelewa, ulizoea, ukayaita mazoea yako elimu." Hoja hii ilininyima usingizi, kwa kuwa mazoea ni mdanganyifu hodari. Lakini kipimo kipo. Mazoea huondoa kero tu. Hayakupi kitu cha kusema. Aliyekizoea kinu hawezi kukuambia wazo lake la mwanzo ni lipi na limerudi wapi. Aliyesikiliza kwateti anaweza, na mwingine anaweza kumsahihisha. Na kipimo cha pili ni kwamba msikilizaji wa kweli hubaki na uwezo wa kukataa. Kwateti ya tatu ya Carter, ya mwaka 1971, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1973, imewagawa wapigaji katika jozi mbili: fidla ya kwanza na selo hupiga sehemu nne kwa mwendo huru, na wakati huo huo fidla ya pili na viola hupiga sehemu sita kwa mwendo wa kufuata hesabu. Nimeisikiliza mara nyingi. Najua jinsi ilivyojengwa, nami naiheshimu akili iliyoijenga. Lakini siipendi. Naona kwamba jozi hizo mbili hazigombani wala hazipatani; zinapishana tu, kama abiria wa treni mbili. Kama mazoea yangekuwa ndiyo mwalimu wangu, nami ningekuwa nimekwisha kuipenda. Nimeikataa, lakini nimeikataa kwa sababu, na mwenye sababu bora anaweza kuja kunishinda. Ndivyo hukumu inavyopaswa kuwa.

Mpinzani wa nne hatumii sikio hata kidogo, hutumia bendera. Asema: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tuna ngoma zetu." Ndugu huyu nataka nimkumbushe jambo analolijua vizuri, kwa kuwa hulifundisha. Wageni wangapi walipita pwani na bara, wakasikia ngoma zetu usiku mmoja kwa mbali, wakaandika katika vitabu vyao kwamba watu hawa wana makelele, hawana muziki? Tumewasoma darasani, tumewakasirikia, na tulikuwa na haki ya kuwakasirikia. Kosa lao lilikuwa nini? Kosa lao halikuwa ugeni, maana ugeni si dhambi. Kosa lao lilikuwa kuhukumu kwa sikio la mara moja, na kudhani kwamba kisichoingia katika sikio lao hakina umbo. Sisi tumeichukua fimbo ile ile, tumeigeuza upande wa pili, nasi tunajisifu kwamba tumejikomboa. Nyani haoni kundule. Ama tuseme kwamba kosa lile si kosa, tuwaombe radhi wasafiri wale, ama tuseme kwamba ni kosa, tuache kulitenda.

Na Waafrika wenyewe hawakungoja ruhusa ya ndugu huyu. Justinian Tamusuza wa Uganda, aliyezaliwa mwaka 1951, alitunga kwateti ya nyuzi iliyojengwa juu ya muziki wa Baganda. Sehemu yake ya kwanza, iitwayo kwa Kiganda Ekitundu Ekisooka, ilirekodiwa na wapigaji wa Kronos katika santuri yao ya mwaka 1992 iliyokusanya kazi za watungaji wa Kiafrika. Fidla mbili, viola na selo si mali ya kabila lolote. Ni za ajuaye kuzisemesha, na za ajuaye kuzisikiliza.

Baada ya kuwapinga wadharau, nikinyamaza juu ya wanafiki nitakuwa sikutenda haki. Wapo watu, na katika vyuo hawakosekani, wanaousifu muziki huu kwa sababu ni mgumu. Santuri zao zimepangwa rafuni mahali pa kuonwa na wageni. Waulize sehemu ya tatu inaanza na chombo gani, watakujibu kwa habari za falsafa. Watu hawa wamewadhuru Bartók na Schoenberg kuliko mwalimu mwenzangu na paka wake, kwa maana yeye alisema kwa unyofu alichokisikia, na wao husifu wasichokisikia. Sifa ya mara moja ni ndugu wa pacha wa dharau ya mara moja. Zote mbili zimeikimbia kazi.

Mtu ataniuliza: kwa nini mwalimu wa Kiswahili ajishughulishe na haya? Ni kwa sababu ugonjwa huu nimeuona katika nyumba yetu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani ya kawaida, wako waliojibu kwa hoja nzito, na hoja zao zastahili kusomwa mpaka leo. Lakini wako pia waliotazama kurasa, wakaona mistari haikulingana urefu, wakasema si mashairi. Na upande wa pili wako waliotazama kurasa hizo hizo, wakaona mistari haikulingana urefu, wakasema huu ndio ukombozi. Wote hao walitazama kurasa bila ya kuzisoma. Ugomvi wa miaka mingi ungalikuwa mfupi, tena wenye faida zaidi, kama kila aliyesimama kusema angaliulizwa kwanza: umelisoma shairi gani, mara ngapi, na mstari upi ndio unaokukera?

Swali hilo ndilo ninalolitaka liwe sheria katika semina zetu. Mwanafunzi akileta mfano, mgumu au mgeni kiasi gani, mfano usikiwe mpaka mwisho. Atakaye kuuhukumu na ausikie tena. Akiisha kufanya hivyo, na aseme lolote: aulaumu, auchome, autupe, nasi tutakaa kumsikiliza, maana amelipa kodi ya neno lake. Lakini asiyelipa kodi hiyo asipewe kicheko chetu kuwa zawadi. Namna hii hatutapunguza ukali wa mabishano yetu. Tutauongeza, kwa kuwa mtu ajuaye anachokikataa hukata kwa kisu kikali kuliko mtu anayebahatisha.

Santuri ile niliirudisha kwa mwenyewe, nikanunua yangu. Nilimpelekea mwalimu mwenzangu, nikamwomba aisikilize nyumbani kwake mara tatu tu, kwa heshima ya mwanafunzi tuliyemcheka. Alikaa nayo mwezi mzima. Aliponirudishia alisema, "Ndugu yangu, bado siipendi. Lakini si paka." Kisha akanieleza kwa nini haipendi: kwamba sehemu ya kwanza haimpi msikilizaji nafasi ya kupumua, na kwamba pale selo inaposema peke yake ndipo alipotamani kazi nzima ingekuwa hivyo. Tulibishana mpaka magharibi, na sikufaulu kumgeuza. Wiki iliyofuata alimwita yule mwanafunzi ofisini kwake, akamtaka ailete tena karatasi yake, aisome toka mwanzo, na gramafoni aje nayo.